Si kila damu chooni ni bawasiri

Mhariri,

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, mtu akitokwa damu chooni jina ni moja tu: bawasiri. Anauziwa dawa, anapaka miezi 3, hapati nafuu. Wengi wa wanaoumia sana hawana bawasiri. Wana mchaniko, ufa mdogo kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa, mara nyingi upande wa nyuma. Choo kinapita kama kipande cha chupa, maumivu yanabaki saa nzima au zaidi, na damu mbichi kidogo inaonekana kwenye maji ya kutawazia.

Ufa ukipita wiki 6 hadi 8 umekuwa sugu. Msuli wa ndani unaofunga njia hukaza kwa maumivu, na ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Dawa na kisu vyote vinautafuta msuli huo, ulegee.

Dawa ya kupaka ianze: diltiazemu ya asilimia 2, au nitrogliserini ya asilimia 0.2 hadi 0.4, mara 2 kwa siku, wiki 6 hadi 8. Huponya kama nusu ya wagonjwa, pengine zaidi. Nitrogliserini huumiza kichwa. Diltiazemu ina afadhali. Anayemeza vidonge vya nguvu za kiume asiiguse nitrogliserini kabisa, presha itaporomoka. Tunawasihi wagonjwa wasiache dawa siku ya 10 kwa kuwa hawaumii tena: maumivu huondoka mapema, kidonda bado kiko wazi.

Wakati huohuo choo kilainike. Sembe na dagaa peke yake havitoshi. Ongeza maharage, matembele, papai na maji mengi. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 baada ya choo, bila kutia dawa yoyote.

Dawa ikishindwa, upasuaji wa kukata sehemu ya msuli huo huponya zaidi ya 9 kati ya 10. Lakini wachache hubaki wakishindwa kuzuia ushuzi, hata choo. Mama aliyechanika vibaya akijifungua amweleze daktari kabla ya kisu. Kwake sindano ya Botox, dawa ya kulegeza msuli, ikipatikana, ni salama zaidi, kwani nguvu yake huisha baada ya miezi kama 3.

Ufa ulio kushoto au kulia mwa njia ya haja kubwa, au nyufa nyingi, usipakwe tu: mgonjwa apimwe kifua kikuu, VVU, kaswende na saratani.

Wahudumu wa afya,
Nyamagana, Mwanza