Barua kwa mwanangu: 641 ndani ya 4294967297

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, bibi anakusalimu sana. Barua yako imenifikia, na lile swali la mwisho limenikaa kichwani tangu nilipoisoma. Umeandika kwamba 4294967297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa sababu umeigawa kwa namba zote tasa hadi 100 na kila mara kukawa na baki. Bidii yako imenifurahisha mno, ila jibu silo. Ulijaribu namba 25. Kwa njia hiyo, ili uwe na hakika, ungelazimika kufika hadi 65536, karibu na kipeuo cha pili cha namba yako, maana kigawo kinachozidi hapo huwa na mwenzake mdogo; na njiani mna namba tasa 6542.

Usione haya. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliamini kama wewe. Mwaka 1640 aliitazama 2 ikipandishwa kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65537. Zote tasa. Kipeo cha 32 kinakupa hiyo yako. Fermat alikiri kwamba uthibitisho hana, lakini imani yake ilidumu miaka 92.

Mwaka 1732, huko St. Petersburg, Urusi, kijana wa miaka 25, Leonhard Euler, aliivunja. Hapa ndipo ninapotaka ukae utulie. Euler hakupapasa gizani. Aligundua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi namba za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641. Nne za kwanza zinakataa. Ya tano nimeigawa mwenyewe jana usiku, mezani jikoni, nyuma ya karatasi ya bili.

4294 kwa 641 ni mara 6, inabaki 448. Shusha 9: 4489 ni mara 7, inabaki 2. Shusha 6, sifuri. Shusha 7, sifuri tena. Shusha 2: 2672 ni mara 4, inabaki 108. Shusha 9: 1089 ni mara 1, inabaki 448, ile ile ya mwanzo! Shusha 7 ya mwisho: 4487, mara 7 kamili. Baki hakuna. Moyo ulinidunda, mwanangu, ingawa jibu nililijua.

Kwa hiyo ni 641 × 6700417. Neno hili tasa huwa linanisumbua, maana mtaani ni mtu asiyezaa, ilhali kwenye hesabu namba hizo ndizo wazazi wa nyingine zote.

Sasa 6700417 nayo, je, ni tasa? Vigawo vyake ni vigawo vya namba ile kubwa, kwa hiyo kanuni ya 64 inaifunga vilevile, na huna haja ya kupita 2588, karibu na kipeuo chake cha pili. Nimejaribu 641 tena, ikabaki 44. Nimejaribu 769, ikabaki 120. Endelea na 1153, uniandikie.

Baba yako