Yah: Malalamiko kuhusu soda ya machungwa inayokaa juani

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Vinywaji Baridi.

Ndugu Meneja,

Nina duka la rejareja Ng'ambo, mjini Tabora. Soda yenu ya machungwa ya chupa ya plastiki ndiyo watoto wanayoikimbilia wakitoka shule, ndiyo maana nawaandikia.

Lebo yenu imeandikwa Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo mno. Inataja E211, E300 na "rangi zinazoruhusiwa". E211 ni sodiamu benzoeti, ya kuzuia kinywaji kisiharibike. E300 ni asidi askobiki, yaani vitamini C. Kila kimoja kinaruhusiwa. Lakini vikikaa pamoja ndani ya kinywaji chenye uchachu, hasa vikipigwa na joto na mwanga, vinaweza kutengeneza benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Huu si uvumi wa WhatsApp. Marekani jambo hili linajulikana tangu 1990, na vipimo vya mwaka 2005 na 2006 vilipokuta baadhi ya vinywaji vimevuka kiwango cha benzini kinachoruhusiwa huko kwenye maji ya kunywa, mikrogramu 5 kwa lita, wenye viwanda walibadilisha michanganyiko yao.

Sasa uangalieni mzigo wenu. Oktoba hapa Tabora jua ni kali, na lori la wakala wenu linashinda nje ya ghala bila hata turubai. Katoni zikinifikia, chupa ni za moto mkononi, na zile za juu rangi imepauka ukizilinganisha na za chini. Nilipomuuliza dereva akasema soda haiozi. Mimi sikuuliza kuoza.

Kuhusu rangi, nchi za Umoja wa Ulaya tangu Julai 2010 zinalazimisha kinywaji chenye rangi ya manjano iitwayo tartrazini (E102) kiwe na onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Mzazi wa Tabora hajui hata kama imo.

Naomba mnijibu kwa maandishi: mmewahi kupima benzini kwenye soda iliyokaa juani, siyo ile iliyotoka kiwandani leo? Kama mmepima, nipeni matokeo. Tajeni kila rangi kwa jina, kwa Kiswahili. Wakala afunike mzigo.

Katoni zilizobaki nimeziondoa rafu na nataka mzichukue, mnirudishie fedha zangu. Nakala ya barua hii naipeleka Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.

Wenu,
Mwenye duka, Ng'ambo, Tabora