Kuhusu kuasili, kabla ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Swali linalorudi sana humu: mtoto ninayemlea kwa malezi ya kambo, naweza kumfanya wangu moja kwa moja? Ndiyo, kwa kumwasili. Anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Manispaa ya Moshi au wilayani kwako. Amri yenyewe hutolewa na Mahakama Kuu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mwombaji awe amezidi miaka 25 na ampite mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa ndugu wa mtoto, kuzidi 21 kunatosha. Mashangazi na wajomba, hapo ndipo nawasihi mjitokeze. Mtoto akipata kwao, ndani ya ukoo wake, mimi nafurahi zaidi. Picha za watoto msiziweke humu, tafadhali. Jumamosi saa nane mchana, ukumbi uleule.