Wageni Wako Hawatafichika Konde

Konde, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillahi. Mvua zilichelewa lakini muhogo umesimama, na mama anakusalimu, anauliza utaoa lini. Hilo mjibu mwenyewe.

Hadithi yako ya filamu nimeisoma yote uliyonitumia. Wale wageni watatu kutoka angani nimewapenda: mzee anayesikia mawazo ya watu, binti ambaye akikushika mkono maradhi yanakutoka, na yule kijana anayepaa. Nimependa zaidi kwamba hawakuja kuiteka dunia wala kutuhubiria. Chombo chao kimeharibika, wanataka pahala pa kujisitiri mpaka wafuatwe, basi. Kinachonikera ni watu wa mji. Umeandika watu wanaokimbia ovyo, wanafunga madirisha, huyu anapiga simu polisi, yule anatoka na bunduki. Bunduki, Konde! Hao umewatoa kwenye filamu za Marekani ukawavalisha kanzu na kofia. Umeondoka mdogo, lakini hukuondoka mdogo hivyo.

Umeniuliza uiweke Nungwi, kule Unguja kwenye watalii, au huku. Nungwi hutapata hadithi. Mgeni akipita pwani ya Nungwi miguu peku, nywele za kijani, anazungumza na mnazi, ataulizwa jambo moja tu: anataka boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba au hataki? Hata huku kwetu, kule Kigomasha, kuna hoteli ina chumba kinachoelea baharini na kitanda kiko chini ya maji. Watu wanatoka Ulaya wanalipa ili walale wakichunguliwa na samaki. Mtu aliyekwisha kuzoea hayo, umwambie kuna waja wameshuka kutoka mbinguni, atataka kujua kwanza wamelipia siku ngapi. Mgeni wa hoteli hana ugeni. Kasheshe inaanza siku anapokodi nyumba mjini, mlango kwa mlango na watu.

Kwa hiyo chombo kishuke Vumawimbi, hapo uko sawa. Pwani ndefu, usiku kiza, na ukigeuka nyuma ni msitu wa Ngezi. Ila ile sehemu ya wageni kushtuliwa na popo wakubwa, na watu wa mji kuona popo hao ni dalili ya balaa, ifute. Popo wa Pemba ni mkubwa kweli, akitanua mabawa anapita mita moja na nusu, na hapatikani kwengine duniani. Lakini anakula matunda, na wazee wetu walikuwa wakimla yeye. Siku hizi watu wanalipa kwenda kumtazama kijijini Kidike. Hakuna Mpemba atakayemkimbia mnyama ambaye babu yake alimtia mchuzini. Ukitaka ndege wa kutisha, chukua bundi. Bundi akilia juu ya paa hata mimi nageuka upande wa pili.

Sasa njoo kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Wewe umewaweka wageni wiki nzima mjini kabla ya mtu kuwauliza kitu. Haiwezekani. Asubuhi yake tu sheha ana habari zao, na hatakuja na askari, atakuja na daftari na salamu ndefu. Hali zenu? Za safari? Mmeamkaje? Akimaliza ndipo atakapouliza swali ambalo hapa ndilo swali lenyewe:

"Mmefikia kwa nani?"

Hatauliza wametoka wapi. Kutoka, kila mtu katoka mahali. Lakini mtu hafiki Konde hewani tu, bila kufikia kwa mtu. Hapo ndipo mzee wako atumie kipaji chake. Atasikia ndani ya kichwa cha sheha jina la ami yake aliyekimbilia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, hakurudi wala hakuandika. Atalitaja. "Sisi ni wajukuu wake." Sheha atanyamaza, atalifunga daftari, atawakumbatia mmoja mmoja.

Na hapo, sahibu, ndipo watakapokuwa wamejitia kitanzini. Kwa sababu ami huyo ana mikarafuu.

Hili ndilo nililotaka kukuandikia khasa, mengine yote ni mapambo. Watu wa Konde hawatawaogopa wageni wako kwa kuwa wametoka juu. Watawaogopa kwa kuwa wamekuja kudai shamba. Unajua wewe ugomvi wa huku: hii eka ilikuwa ya nani kabla ya watu kugawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, huu mkarafuu kaupanda nani, nani anauchuma na nani ana haki ya kuuchuma. Kuna ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya mikarafuu miwili. Leo waje wajukuu wa Oman, wazuri wa sura, wapole, hawaombi kitu? Asiyeomba kitu ndiye wa kutazamwa. Shuku itaanzia hapo, na itakuwa na akili. Itakwenda barazani, itakwenda kwa kadhi kuuliza masuala ya mirathi kwa mbali, kwa mfano wa mtu asiyetajwa jina.

Na majirani hawatachungulia dirishani. Watapeleka futari. Iweke hadithi ndani ya Ramadhani uone mambo yanavyojipanga yenyewe. Magharibi imekaribia, mtoto wa jirani anapiga hodi ameshika sahani imefunikwa kawa. Ndani mna muhogo wa nazi na vipande viwili vya changu wa kukaanga, mvuke unatoka pembeni unamwunguza kidole gumba. Mtoto keshapewa kazi yake: "Usiiweke mlangoni. Ingia mpaka ndani. Tazama wanalalia nini, tazama kama pana msala, tazama jikoni pana majivu au hapana." Anarudi mbio na ripoti. Majivu hapana. Chungu hapana. Kitanda kimetandikwa, hakina hata mkunjo.

Hayo yote yanaelezeka, wageni ndio kwanza wamefika. Lakini kesho yake sahani inarudi. Imeoshwa ikaoshwa, lile doa la manjano la bizari lililokuwemo tangu sahani ilipokuwa ya bibi halipo, ule ufa wa ukingoni haupo. Na ni tupu.

Tupu! Hata fakiri wa mwisho atatia juu yake tende tatu, limau, chumvi ya vidole viwili. Mama wa watu ataigeuza sahani juu chini, atapitisha kidole pale palipokuwa na ufa, kisha ataiweka juu ya kabati wala hataipakulia tena. Habari itafika Tumbe kabla watu hawajatoka tarawehe.

Binti wako usimfiche hata kidogo. Anayeponya kwa mkono hana haja ya kujificha Pemba, watu wanavuka bahari kutoka Tanga na Mombasa kufuata waganga huku tangu zamani. Tatizo lake litakuwa foleni, na waganga wenziwe. Hao ndio watakaomtafuta ubaya.

Mzee wa mawazo nimemhurumia. Kiswahili chake kizuri mno, cha taarifa ya habari, hilo peke yake litamtia mashakani. Na akikaa barazani atasikia maneno mawili mawili, la mdomoni na la moyoni, na hayafanani. Wewe umeliandika hilo kama kichekesho cha unafiki wa watu wa kijijini. Usiliandike hivyo. Watu hapa wamejifunza kumeza maneno. Januari 2001 watu walipigwa risasi kwenye maandamano, wengine wakakimbia na mashua mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Mtu aliyepita hapo, akitokea mgeni mpole anayeuliza maswali, humpa chai na kumwambia habari za mvua. Mzee wako akisikia kilicho chini ya habari za mvua, mwandike akae kimya naye.

Kijana ndiye atakayewaumbua. Vijana wanataka pesa, na pesa ya Pemba iko juu ya mkarafuu. Wewe mwenyewe umeshawahi kuona uchumaji: mtu anapanda na pakacha, anavuta matawi, roho mkononi, anashuka amekwaruzika mikono na majimoto, wale sisimizi wakali, wamemjaa shingoni. Kijana wako atapanda pale wasipofika wengine, kwenye vile vitawi vya nje visivyobeba hata mtoto. Atashuka shati safi, pakacha limejaa, jani halimo. Jioni wanawake wamekaa juu ya jamvi wanachambua, karafuu huku, makonyo huku, vidole vimekuwa vyeusi. Anayepima anapima kwa pishi, anamwaga, anahesabu kwa sauti, na hesabu ya kijana haiishi. Vijana wenzake wanatazama pishi. Mmoja wa wale wanawake hatazami pishi. Anaendelea kuchambua, anasema pole pole bila kuinua uso:

"Huyu hajikuni."

Nakuomba usiliongezee kitu hapo. Kata, nenda sehemu nyengine.

Halafu mtu aanguke. Haihitaji kutungwa, kila msimu watu wanaanguka mikarafuuni, wengine wanavunjika migongo, wengine wanazikwa. Kijana wa jirani, kaka yake yule mtoto wa futari, tawi limkatikie, na huyu wako amdake hewani mbele ya shamba zima. Sasa wamejulikana. Utaniuliza watu watasemaje. Watasema jini. Neno lipo, na majini wana sura yao nzima katika Qur'ani, hakuna atakayesumbuka kutafuta neno la sayari. Maalim wa chuoni akiulizwa atasema kila siku tunasoma Mola wa walimwengu wote, mlidhani walimwengu ni Wete na Chake tu? Watoto wao watatiwa hirizi mpya, na wazee wataanza hadithi za Giningi, mji wa wachawi ambao kila mtu kasimuliwa na hakuna aliyeupigia picha.

Lakini usiku utakuja, na hapa ndipo nakusihi uache mzaha. Unakumbuka 1995? Wewe ulikuwa umeshahamia Dar. Popobawa, lile pepo lenye mabawa ya popo linalovamia watu usiku, alipoanza huku Pemba tulilala uwani, nyumba tatu pamoja, moto katikati, wanaume hawafumbi macho. Mimi mdogo nilifurahi, nilidhani ni sikukuu, mpaka nilipomwona baba anatetemeka. Kisha khofu ikavuka bahari ikaenda Unguja, na huko mjini mtu mmoja, mgeni kutoka Bara aliyekuwa na maradhi ya akili, aliuawa na kundi la watu waliomdhania ndiye. Hakuwa na bawa wala uwezo wowote. Alikuwa mgeni, na alipoulizwa hakuweza kujieleza.

Kwa hiyo usiku ule, baada ya kijana wa jirani kudakwa hewani, kundi likusanyike. Hakuna bunduki. Mapanga ya kufyekea, tochi za simu. Wageni wako wana uwezo wa kuwatawanya, lakini usiwaruhusu kuutumia, utaharibu kila kitu. Mtu wa kusimama mlangoni ni baba wa aliyeanguka, naye umfanye mtu mwenye kesi ya mikarafuu na ukoo wa sheha, mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka wajukuu hawa wa uongo waondoke. Aweke kiti cha ubao kizingitini akae. Asitoe hotuba. Mtu akimwuliza anafanya nini hapo, ajibu, "Nimefikia kwa hawa."

Chombo kije kuwachukua siku ya pili, karafuu zikiwa bado zimeanikwa, watu wamezama kazini. Mzee na binti wapande. Kijana nadhani abaki. Usitafute sababu ya mapenzi, utanichosha. Abaki kwa kuwa hajalipwa pishi zake zote, na amekwisha kuambiwa na wenziwe kuwa ukiondoka kabla ya hesabu hupati kitu.

Sehemu ya nne nitumie kwa barua pepe, si vipande vipande kwa WhatsApp, simu yangu inagoma. Na ukija kupiga picha usitangulize kamera, kata kwanza kibali mjini, kisha upite kwa sheha, mimi nitakwenda nawe. Jina la yule mwanamke wa "hajikuni" usimpe bado, kuna mtu hapa mtaani ninataka umwone ndipo uamue, maana nina hakika atakataa kuigiza na nina hakika pia atakubali.

Wassalaam,

Sahibu yako wa Konde