Kwa mdogo wangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mdogo wangu,

Naandika hapa hadharani kwa kuwa simu zangu hupokei. Nimesikia kwa mama kwamba ule mradi wa wafadhili umekuita, na mshahara ni mara tatu ya huo wa maabara ya wilaya. Hongera. Nasema kwa moyo mweupe, maana najua ulivyosota: kujitolea bila posho, majina yanatoka lako halimo, hadi siku uliyopata cheki namba, ile namba ya mtumishi wa serikali, ukanipigia unalia.

Hela unaihitaji, sikatai. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kabla hujashika kitu, na kiwanja kimeota majani. Ila mkataba wao ni wa mwaka mmoja. Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na wenzako wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wale uliokuwa unawatamani wakishuka kwenye gari la mradi, wakaambiwa wasimamishe kazi kabla mwezi haujaisha. Wewe ulivaa koti lako ukaenda maabara kama kawaida. Umesahau upesi hivyo?

Kwa pensheni, serikali inakuchangia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, asilimia 15 ya mshahara, wewe unakatwa 5. Huko kwenye mradi ni NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na kwa kawaida ni 10 kwa 10. Waulize pia huo mshahara ni kabla ya kodi au baada.

Halafu lile la kikao cha familia. Mama anatakiwa kupasuliwa, baba mdogo anazungusha daftari la ahadi. Mimi nimeandika elfu hamsini. Ukalichukua, ukasoma kwa sauti mbele ya mashangazi: "Dada, miaka yote hiyo serikalini, elfu hamsini?" Shangazi mkubwa akajifanya anakoroga chai, na sukari alikuwa hajatia. Nilinyamaza kwa heshima ya mama.

Kesho yake pale dirishani hospitalini, kadi ilikuwa ya nani? Yangu, ya NHIF, bima ya afya ambayo nakatwa kila mwezi, na mama nilishamwandikisha kuwa mtegemezi wangu tangu naajiriwa. Na wewe ulikuwa mtumishi tayari! Wategemezi wanne unaruhusiwa, fomu nilikuletea mwenyewe, ikakaa juu ya friji lako hadi ikapata madoa ya mafuta. Sijakusamehe hilo, na sitasema nimekusamehe.

Mimi pia niliwahi kuitwa na shirika, tena kwa fedha nzuri. Nikakataa, wakaniita mwoga, nawe ukacheka nao. Mwoga wa nini? Ada yako ya chuo mwaka wa mwisho ilitoka kwenye mkopo wa benki, na benki ilinikopesha kwa dhamana ya mshahara huohuo wa serikali ulioukejeli kwa sauti. Ningekuwa kwenye mkataba wa mwaka mwaka, nani angenikopesha? Nilikaa kwa sababu kuna watu walikuwa wananitegemea, na wa kwanza ulikuwa wewe.

Nilipougua ulilala sakafuni kando ya kitanda changu siku zote hadi nikapona, hilo nalo silisahau. Ndiyo maana sikuambii usiende. Nakuambia uliza kwanza kwa mwajiri kama kuna likizo bila malipo. Mkataba nitumie kabla hujasaini, nisome kile kifungu cha mfadhili akijitoa. Na mama umwambie mwenyewe utamwandikisha kwenye bima gani huko uendako, mimi ameshaniuliza na sina jibu.

Dada yako