Barua kwa Somo Yangu Kuhusu Nyumba ya Upanga

Kinondoni, Dar es Salaam
12 Mei

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mvua imetukalia. Jana nilikwenda Upanga kuiona ile nyumba uliyotumiwa picha zake, kwa kuwa uliniomba niitazame kwa macho yangu kisha nikuambie kama inastahili shilingi 800,000 kwa mwezi. Sitakuficha: aliyepiga picha zile ana bidii kuliko anayelitunza jengo.

Dalali alitaka twende Jumatano, siku ya jua kali. Nilimwahirisha hadi mvua iliponyesha usiku kucha, ndipo nikampigia alfajiri kumwambia kwamba niko njiani pamoja na fundi bomba wa mtaani kwetu. Hakufurahi, lakini hela yake ya kuonyesha nyumba aliipokea.

Jengo lina ghorofa sita na lifti moja, ambayo imekaa bila kufanya kazi kwa muda mrefu kiasi kwamba mfagizi ameigeuza stoo ya ndoo na mifagio yake, na nyumba unayopewa iko ghorofa ya nne. Sebuleni tulipokewa na harufu ya rangi mpya. Fundi aliomba kabati lisogezwe, na nyuma yake tukakuta ukuta umelowa, rangi imevimba kama malengelenge na unga mweupe wa chumvi umetanda. Alipanda juu kuuliza, akarudi na jibu kwamba bomba la bafu la ghorofa ya tano linavuja ndani ya ukuta tangu mwaka jana na wenyewe wanajua.

Hayo ya ukuta yangeweza kuvumilika. Kilichonitia hofu ni roshani. Wajua Upanga ilivyo karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na nondo: zege likishafanya nyufa, unyevu na chumvi hupenya, nondo hushika kutu, kutu hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na mwishowe zege husukumwa likabanduka vipande vipande. Nilipokuwa uani niliinua macho nikaziona nondo za roshani ya ghorofa ya tano, ambayo ndiyo dari ya roshani yako, zikiwa uchi na nyekundu. Fundi aligonga kwa mpini wa nyundo sehemu zilizoonekana nzima, nazo zikatoa mlio wa mtungi mtupu. Hata ukiamua kuhamia, mlango wa kutokea pale ufungwe, watoto wasikanyage.

Sasa maji, ambayo picha haziwezi kuyaonyesha. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanafika hadi kwenye tangi la chini, lakini pampu ya kuyapandisha kwenye matangi ya paa iliungua, kwa hiyo wapangaji wa juu humlipa kijana mmoja shilingi 500 kwa kila ndoo ya lita 20. Familia ya watu wanne haitatumia chini ya ndoo nane kwa siku, yaani shilingi 4,000, na kwa mwezi shilingi 120,000. Ongeza mchango wa huduma wa shilingi 50,000 ambao dalali alisahau kuutaja hadi nilipouliza mshahara wa mlinzi unatoka wapi. Kwa hesabu hiyo nyumba ya 800,000 imekuwa ya 970,000 kabla hujanunua umeme, na usisahau kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo ya serikali hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hivyo mkataba utamke wazi kwamba mwenye nyumba atakurudishia ile inayomhusu yeye.

Wakati fundi akikagua mabomba, nilibisha hodi ghorofa ya pili kwa mama mmoja aliyepanga pale kwa miaka kumi na mmoja. Alinikaribisha chai, na nilichojifunza katika nusu saa ile kilikuwa kingi kuliko vyote nilivyoonyeshwa na dalali. Nyumba zile ziliuzwa mojamoja, kila moja ina mwenyewe, na baadhi yao wako ng'ambo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inataka wenye sehemu wawe na chama cha kusimamia mali ya pamoja, na chama wanacho, ila mama yule hajawahi kuona hesabu ya mchango wake wala kusikia mkutano umeitishwa. Hapa ndipo nilipofikia uamuzi wangu, somo. Bomba la jikoni au kitasa unaweza kumbana mwenye nyumba wako akatengeneza, au ukatengeneza mwenyewe ukakata kwenye kodi ya pango. Lakini paa, pampu, lifti na chemba ya maji taka vimo mikononi mwa watu kumi na wawili wasiozungumza, na huyo mmoja utakayemlipa, hata awe mwungwana kiasi gani, hana uwezo navyo.

Nisiionee nyumba. Vyumba ni vipana, milango ni ya mninga, upepo unaingia huku na kutokea kule, na kutoka getini hadi hospitali ya Muhimbili nilitembea dakika kumi na mbili. Kwa muuguzi kama wewe, mwenye zamu za usiku, hilo si jambo dogo, na naamini sehemu kubwa ya bei ile ni ya mahali, si ya nyumba. Hapa kwetu Kinondoni kuna ya 700,000, vyumba vidogo, lakini maji yanapanda na ngazi zina taa. Utateseka na foleni tu.

Kwa kiasi wanachotaka, miezi sita kwa mkupuo ni shilingi 4,800,000, na udalali wa mwezi mmoja juu yake, jumla 5,600,000. Mimi nisingetoa. Ningetoa 550,000, kwa miezi mitatu mitatu, pampu iwe imefanya kazi wiki nzima kabla ya kupokea funguo, na ule ukuta upasuliwe bomba lizibwe badala ya kupakwa rangi tena. Wakikataa, niandikie mapema, kwa maana ile ya Kinondoni nimemwomba mwenyewe aishikilie hadi Ijumaa, na kuna mwalimu mmoja ameshaiuliza mara mbili.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Somo yako