Ujumbe wako wa saa nane usiku

Sahibu yangu,

Ujumbe wako niliusoma asubuhi, na kilichonishtua zaidi ya maneno yake ni saa uliyoutuma. Kichwa kinakuuma wiki ya pili sasa, tumbo halitulii, umemkaripia mtoto kwa kijiko kilichomponyoka. Halafu unamalizia: "Lakini siumwi."

Nami nilisema hivyo hivyo mwaka jana. Taya lilikuwa linaniuma kila nikiamka, nikaenda kwa daktari wa meno nikijua naenda kung'olewa jino. Akachungulia kinywani, akaniuliza, "Kuna jambo linakusumbua?" Kumbe nilikuwa nasaga meno usingizini kwa mawazo ya kazi. Niliona haya: mdomo wangu ulikuwa umemwambia mgeni siri niliyokuficha hata wewe.

Ukiwaza deni tu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa mwili kwa hatari. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, ini linatia sukari kwenye damu, misuli inakaza, usagaji wa chakula unazorota. Mwili umejiandaa kukimbia, nawe umekaa kitini kutwa nzima. Usiku unalala hoi na usingizi hauji.

Sikufanya makubwa. Simu yangu sasa inalala sebuleni. Hili limenisaidia kuliko yote, na ndilo nililolibishia sana. Kahawa mwisho saa sita mchana, maana saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Hasira ikinipanda natoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, na moyo unapunguza mwendo. Siku ya kwanza nilijiona mjinga.

Kazi yenyewe haikupungua kwa pumzi, sikudanganyi. Ilipungua nilipomwambia mkubwa wangu kwamba usiku sipokei simu. Alininunia siku tatu.

Ila usiyasingizie mawazo kila kitu. Presha haina kelele, mtu anaweza kuishi nayo miaka asijue. Na hizo dawa za maumivu unazomeza kila siku, zikizidi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa, na nyingine huchoma tumbo. Mwambie daktari umezimeza kwa muda gani, usipunguze hesabu kama kawaida yako.

Alhamisi jioni sina kazi. Nakupitia, twende wote ukapimwe.

Na barua hii usiijibu usiku.

Wako wa siku zote